Kongwa haikuanza mwaka 1947

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niizungumzie wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Karibu kila makala inayoigusa wilaya hii huanza na mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza hapa mwaka 1947 na kuishia hapo hapo: mamilioni ya pauni yalizama, matrekta yakaharibika, wazungu wakaondoka. Msomaji hubaki na picha ya nyika isiyofaa kitu. Picha hiyo inatuumiza hadi leo, kwani anayeiamini huona njia mbili tu: Kongwa iletewe mashine kubwa zaidi, au iachwe iwe pori. Zote mbili zinakosea. Hapa tatizo kubwa ni muda ambao maji ya mvua hukaa ndani ya udongo kabla hayajakimbilia korongoni. Waliolima nyika hii kabla ya mwaka 1947 walilijua hilo, na waliokuja na matrekta hawakulipima.

Nianze na wenyeji, kwa sababu wao ndio husahaulika. Kilimo cha Wagogo kilikuwa cha mtama na uwele, kikiegemea ng'ombe, mbuzi na kondoo. Uwele hukomaa mapema na huvumilia kiu kuliko mtama, kwa hiyo uliwekwa kwenye udongo mwepesi wa kichanga. Mtama ukapewa mabonde na mbuga, ambako unyevu hudumu. Kaya moja ilikuwa na vipande vya shamba mahali mbalimbali, maana mvua ya Ugogo hunyesha kwa madoa: kijiji kimoja kinalowa, cha jirani kinabaki na vumbi. Mifugo nayo haikuwekwa yote katika zizi moja. Iligawiwa kwa ndugu na marafiki wa mbali, hivyo ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine unabaki na mbegu. Nyumba za tembe zilijengwa zikiwa zimetawanyika, na zizi lilipohamishwa, pale lilipokuwa paligeuka shamba lenye samadi ya miaka mingi.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita njia hii. Baada ya kuvuka eneo kame la Marenga Mkali, magharibi ya Mpwapwa, iliingia Ugogo, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi na kununua maji na nafaka. Nchi isiyozaa isingeweza kuwauzia chakula mamia ya wapagazi.

Njaa zilikuwepo, tena kali. Ile ya Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000 katika Ugogo iliyokuwa na watu kama 150,000. Lakini tuisome vizuri. Kabla mvua hazijashindwa, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Ukame uliwakuta watu ambao kinga zao zote zilikuwa zimekwisha ondolewa: hakuna akiba kwenye vihenge, hakuna mifugo ya kubadilisha na chakula, na hakuna nguvukazi ya kulima msimu uliofuata. Mambo hayo matatu yakikutana, hata mkoa wenye mvua nyingi ungelala njaa.

Sasa tuje kwenye karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa watu 3 ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa ukitumia ndege, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika na zilizobaki Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Kongwa ilichaguliwa kuwa ya kwanza kwa kuwa haikuwa na watu wengi na ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Hakuna aliyeuliza kwa uzito kwa nini haikuwa na watu wengi. Kumbukumbu za mvua za miaka mingi za Kongwa yenyewe hazikuwepo, na katika nchi ambayo mvua hunyesha kwa madoa, takwimu za kituo cha jirani chenye milima hazisemi kitu kuhusu uwanda ulio ng'ambo.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa kufikia mwisho wa mwaka 1947 zilikuwa kama 7,500. Sababu zilikuwa nyingi na zilifuatana. Mitambo mingi ilikuwa mitumba ya jeshi la Marekani iliyonunuliwa Ufilipino. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa yake ilikuwa imelala bila vipuri. Bandari ya Dar es Salaam ilielemewa na mizigo, na reli pekee ya kufika bara ilikatwa na mafuriko ya mto Kinyasungwe. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani vikageuzwa matrekta. Mnyororo wa nanga ya meli ukafungwa kati ya matrekta mawili ili ung'oe vichaka. Vichaka vyenyewe viliangushwa bila shida kubwa. Shida ilikuwa mizizi. Kichaka cha Kongwa kina mtandao wa mizizi migumu chini ya ardhi, mnene kuliko kile kinachoonekana juu, na jembe la diski lililopita humo lilipinda au kuvunjika. Mizizi hiyo naomba msomaji aikumbuke, nitairudia.

Halafu udongo. Sehemu kubwa ya uwanda wa Kongwa ina udongo mwekundu wenye mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi, na mchanga wake una chembe kali za mawe meupe ya kwatzi zinazokula chuma haraka. Ukilowa unalimika. Ukikauka unashikana na kuwa mgumu sana, na kwa karanga ugumu huo ni hasara mara mbili. Ua la karanga likisharutubishwa hutoa kijiti kinachoinamia chini na kuzama ardhini, na ganda hutungwa humo. Udongo ukiwa umekaza wakati huo, kijiti hukauka juu bila kuzaa, na mkulima huona mmea wenye majani mazuri usio na kitu chini. Hasara ya pili huja wakati wa kuvuna. Mvua zimekwisha katika Aprili, ardhi imekaza, na ukivuta shina linakuja lenyewe huku maganda yakibaki ardhini. Mashine ya kung'olea haina mkono wa kuhisi kwamba vikonyo vinakatika.

Mimea iliyopandwa ikiwa imechelewa na imeachana sana nayo ilipata ugonjwa wa rozeti, unaoenezwa na vidukari. Vidukari hupenda shamba lenye nafasi wazi kati ya mimea, na shamba lililopandwa mapema na kufunga majani upesi huumwa kidogo zaidi. Kwa hiyo kuchelewa kwa matrekta hakukupunguza ekari tu. Hata ekari zilizopandwa zilipandwa zikiwa tayari hatarini. Kisha mvua zikawa haba. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mpango, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa pauni milioni 36.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Katikati ya miaka ya 1950 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi mali za mradi, na Kongwa ikageuzwa zaidi kuwa nchi ya ng'ombe; ranchi ya taifa iliyopo leo ni zao la uamuzi huo. Utafiti wa malisho nao ulipata makao hapa, ukishirikiana na kituo cha mifugo cha Mpwapwa, kilichoanza enzi za Wajerumani na baadaye kikatoa ng'ombe wa aina ya Mpwapwa. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO, MPLA, ANC na ZAPU waliweka kambi Kongwa. Historia hiyo inastahili barua yake peke yake.

Kilichobadilisha kilimo cha wilaya kuliko karanga, kwa maoni yangu, ni vijiji. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na uhamishaji wa nchi nzima uliofuata vilileta shule, zahanati na bomba la maji karibu na watu, na faida hiyo haikanushiki. Upande wa shamba, hata hivyo, kaya zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa mahali pamoja. Mazizi hayakuhama tena. Samadi ikarundikana kijijini na mashamba yakawa mbali, na kubeba toroli kadhaa za samadi hadi kilomita 5 ni kazi ambayo wengi hawaiwezi bila mkokoteni wa ng'ombe au punda. Ardhi inayozunguka kijiji ikakanyagwa na kukatwa kuni hadi ikabaki wazi. Makorongo mengi yanayoonekana leo kandokando ya vijiji vyetu yalianzia kwenye njia za ng'ombe za kwenda lambo.

Kongwa hupata mvua kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili, na katikati yake, mara nyingi Januari au Februari, hukatika kwa wiki mbili au zaidi. Sehemu nyingi za uwanda hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na vilimani huzidi. Tufanye hesabu. Milimita 10 za mvua katika ekari moja ni lita 40,000 za maji. Mvua moja ya jioni ya milimita 40 ni lita 160,000. Nusu ikikimbia, ekari moja imepoteza lita 80,000 ndani ya saa moja, na hayo ndiyo maji ambayo mtama ungeyahitaji mvua itakapokatika. Mkulima atalaumu ukame wa Februari, ilhali maji yake yaliondoka Desemba.

Yanakimbia kwa sababu ya uso wa udongo uliofunga. Wengi bado tunaberega: tunasafisha mabaki, tunachoma, tunapanda bila kulima. Wataalamu wamewahi kuwadharau wakulima kwa hilo, na hawakutenda haki. Mtu mwenye jembe la mkono na ekari 4 hawezi kulima zote kabla mvua ya kwanza haijapita, na atakayeikosa mvua ya kwanza amepoteza sehemu kubwa ya msimu. Kuberega ni jibu la uhaba wa nguvukazi. Ubaya wake ni kwamba moto huondoa kifuniko, matone hupiga udongo mtupu, utando mgumu hujengeka juu, na chini yake hubaki tabaka lililoshindiliwa na kwato.

Mwenye ng'ombe wa kulimia aanze na ripa ya Magoye, ambayo hupasua mstari mmoja wa kupandia bila kugeuza shamba lote. Apasue kiangazi, kati ya Septemba na Novemba, kina cha sentimita 15 hadi 25, mistari ikiachana sentimita 75 hadi 90 na ikikingama mteremko. Kosa linaloonekana sana ni kupasua kuelekea chini ya mteremko kwa kuwa ng'ombe huona wepesi. Mstari huo unakuwa mfereji, na baada ya misimu michache unakuwa korongo.

Asiye na ng'ombe ana mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa humu humu Dodoma. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, yakiachana sentimita 60 ndani ya mstari na sentimita 90 kati ya mistari. Ekari moja hubeba mashimo kama 7,500. Idadi hiyo inatisha, kwa hiyo robo ekari kwanza, nyingine mwaka unaofuata. Shimo likishachimbwa hutumika tena. Tia mabaki ya mimea chini, samadi iliyooza konzi mbili, rudisha udongo lakini usijaze hadi juu, maana ule mbonyeo ndio unaokinga maji. Samadi mbichi huunguza mche, na huleta mbegu za magugu.

Matuta yaliyofungwa yanafaa kwenye mteremko mdogo. Tuta lifuate kontua, yaani mstari wa usawa unaokingama mteremko, na kila mita 1.5 hadi 2 mfereji ufungwe kwa kizuizi cha udongo. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta. Wengi huvilinganisha, na mvua kubwa ikija maji huvuka tuta lenyewe, likavunjika, likavunja la chini yake na linalofuata, hadi shamba zima linaondoka. Kizuizi kikiwa kifupi, maji ya ziada hupita pembeni ndani ya mfereji. Kwenye mbuga yenye udongo mweusi msifunge matuta: maji hutuama na mizizi ya mtama hukosa hewa. Kontua hupimwa kwa fremu ya herufi A: fito mbili za mita 2, mtambuko mmoja, kamba na jiwe.

Nirudi kwenye mizizi. Ile ile iliyovunja majembe mwaka 1947 haikufa yote. Kata kichaka leo, mwakani kinachipua. Njia ya kisiki hai, ambayo shirika la LEAD Foundation limeieneza sana Dodoma, inasimama juu ya jambo hilo. Chagua kisiki chenye machipukizi mengi, acha matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine karibu na shina. Yaliyobaki pogoa matawi ya chini, ukiacha nusu ya juu. Funga kitambaa cha rangi ili mchungaji na majirani wajue kinatunzwa. Kila miezi michache rudi uondoe machipukizi mapya. Mche wa kitalu ukipandwa Januari hufa Agosti kwa kukosa maji. Kisiki tayari kina mizizi mirefu, kwa hiyo hakihitaji kumwagiliwa. Kinachoharibu ni mbuzi, na ruhusa ya mazoea kwamba baada ya mavuno kila shamba ni malisho ya wote. Bila sheria ndogo ya kijiji yenye faini inayolipwa kweli, kisiki hai hubaki kwenye picha za semina.

Na karanga je? Zinawezekana Kongwa, kwa masharti. Zipandwe kwenye udongo wa kichanga, kamwe si ule mwekundu unaokaza. Mbegu iwe ya muda mfupi, kama Pendo, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100. Nafasi sentimita 50 kwa 10, na hapo ekari hutaka kilo 30 hadi 35 za mbegu zilizobanguliwa, na zibanguliwe kwa mkono, karibu na siku ya kupanda. Zipandwe mvua za mwanzo, palizi ya mwisho iishe kabla vijiti havijaanza kuzama, kwani jembe likipita baadaye huvikata. Ukame wa mwisho wa msimu huleta sumukuvu zikiwa bado ardhini, na ugonjwa uliotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016, ukaua watu, ulitokana na sumu hiyo kwenye chakula. Anikeni juu ya turubai, si kwenye udongo. Mahindi yafike unyevu wa asilimia 13 au chini, karanga 7 au 8. Asiye na kifaa aweke mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, atikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, bado hayajakauka.

Kuhusu mahindi nitasema machache, ingawa najua nitawaudhi wengine. Soko la Kibaigwa limeitoa wilaya gizani. Lakini shehena kubwa inayopita pale hutoka pia Kiteto, ambako wakulima wengi wa Kongwa huvuka kukodi mashamba, na huko ugomvi wa ardhi ya kulima na ya kuchunga umekwisha leta vifo. Soko hilo limewashawishi watu kupanda mahindi kwenye uwanda ambao ungewapa mtama kwa uhakika zaidi. Mtama wa Macia kwa kilo 4 za mbegu kwa ekari, sentimita 75 kwa 30, huvuka mkatiko wa Februari unaoua mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Adui zake ni ndege kwelea kwelea na gugu la kiduha, na bei isiyo na mnunuzi wa kudumu. Serikali ikitaka mtama ulimwe, inunue mtama. Na lumbesa ikomeshwe: gunia lipimwe kwa mizani, si kwa kilemba.

Mwaka 2023 Serikali ilizindua mashamba makubwa ya vijana huko Chinangali, wilayani Chamwino, na mipango ya aina hiyo itafika na kwetu. Sipingi. Naomba tu kwamba kabla trekta halijashushwa kwenye kijiji chochote cha Kongwa, wananchi waonyeshwe mambo matatu kwenye mkutano: kumbukumbu za mvua za kila siku za eneo hilo hilo, shimo la udongo la kina cha mita 1 lililochimbwa wazi kila mtu alione, na kipimo cha maji ya kisima, kwa wingi na kwa chumvi. Wakefield na wenzake hawakuwa na la kwanza, na la pili hawakulipa uzito.

La kwanza hatuhitaji kumsubiri mtu. Kila shule ya msingi iwe na kipima mvua. Kikikosekana cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka inatosha: kateni juu, geuzeni kichwa chake kiwe faneli, wekeni kokoto chini ili isianguke, jazeni maji hadi alama ya sifuri, bandikeni rula. Kisimame mahali wazi, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya urefu wake. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, na siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi, maana nafasi tupu haielezi kama hapakunyesha au msomaji hakuja. Daftari likae ofisi ya kijiji, nakala iende kwa afisa ugani wa kata kila mwisho wa mwezi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji,
Kongwa, Dodoma